Flutter kwenye mashini ya RAM 8 GB: Gradle inakwama, emuleta inagandisha kila kitu

Ibanda_Dev
Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu, natengeneza programu ya Android ya kuandika mauzo na madeni ya duka, itumike hata bila intaneti. Mashini ni Windows, RAM 8 GB. Shida ni mbili. Natumia Flutter, zana ya kutengeneza programu za simu. `flutter run` inaanza kupakua Gradle (chombo kinachojenga programu), muunganisho unakatika, na nikirudia inatoa kosa la zip. Tena nikifungua emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), mashini nzima inaganda. Niache Flutter nihamie Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android?

Fundi_Kadutu
Usihame kwa sababu hiyo, Kotlin nayo inajengwa kwa Gradle hiyo hiyo. Faili la zip limebaki pungufu. Ingia `.gradle\wrapper\dists` ndani ya folda yako ya mtumiaji, ufute folda ya toleo hilo yote. Kisha fungua `android/gradle/wrapper/gradle-wrapper.properties`. Kama mstari wa `distributionUrl` unaishia na `-all.zip`, weka `-bin.zip`. Ile ya kwanza inabeba pia nyaraka na msimbo chanzo, mzigo wa bure kwa mtu anayenunua mega.

Kama kuna mwenzako aliyekwisha kujenga mradi wa Flutter, chukua kwake kwa flashi: `.gradle\wrapper\dists`, `.gradle\caches\modules-2`, na `AppData\Local\Pub\Cache`; humo ndimo vinakaa vilivyokwisha kupakuliwa. Kabla ya kunakili, zima Gradle kwa `gradlew --stop`. Angalia jambo moja: jina la folda ndani ya `dists` linatokana na anwani iliyoandikwa kwenye `distributionUrl`. Mistari yenu ikitofautiana hata kwa herufi moja, Gradle itapakua upya.

Sasa RAM. Fungua `android/gradle.properties`. Miradi ya Flutter ya matoleo ya karibuni inakuja na `-Xmx8G`, yaani Gradle inaruhusiwa kula kumbukumbu yako yote. Andika `-Xmx2G`, na `MaxMetaspaceSize` (kikomo kingine cha kumbukumbu) uishushe hadi 1G. Emuleta achana nayo kabisa. Tumia simu yako kwa kebo, na uandike msimbo kwenye VS Code huku Android Studio imefungwa.

Mjenzi_Goma
Nakubaliana na Fundi, ila swali la Kotlin lina uzito wake. Kama duka zote zinatumia Android tu, Kotlin inatoa APK (faili la kusakinisha programu) ndogo zaidi, kwa sababu Flutter inabeba injini yake ndani ya kila programu. Mimi ningebaki Flutter ikiwa tu kuna mpango wa iPhone baadaye, na hapo ujue utahitaji Mac yenye Xcode.

Ukibaki, usipime ukubwa wala kasi kwa toleo la debug (la majaribio). Jenga kwa `flutter build apk --split-per-abi`. Utapata APK tatu, kila moja kwa aina yake ya chipu. Simu nyingi za bei ndogo zina mfumo wa biti 32 hata chipu ikiwa ya 64, kwa hiyo usimpe kila mteja ile ya `arm64-v8a` (ya biti 64), itakataa kuingia. Hakikisha aina ya simu kwa amri `adb shell getprop ro.product.cpu.abi`, simu ikiwa kwenye kebo.

Ibanda_Dev
Aksanti sana wakubwa. Gradle imepita. Kwenye simu nimegusa «Numéro de build» mara 7 ili kufungua chaguo za wasanidi, nikawasha «Débogage USB», lakini `adb devices` (amri ya kuorodhesha simu zilizounganishwa) inaandika `unauthorized`, yaani haijaruhusiwa.

Fundi_Kadutu
Kebo ni nzima basi. Kebo ya kuchaji tu ingeacha orodha tupu. Fungua skrini ya simu, kuna kisanduku kinachokuomba ruhusa. Kisipotokea, ingia kwenye chaguo za wasanidi, futa ruhusa zote za USB, chomoa kebo, chomeka tena.

Mjenzi_Goma
Kabla hujampa mteja wa kwanza APK, tengeneza keystore yako (faili la ufunguo wa kusaini programu) na uihifadhi mahali pawili pamoja na nenosiri. Ukigawa APK kwa mkono halafu keystore ikapotea, toleo jipya halitakubali kukaa juu ya la zamani. Mteja atalazimika kuondoa programu, na madeni yote yaliyo kwenye SQLite (hifadhidata) ya simu yataondoka nayo. Weka pia kitufe cha kutoa nakala ya data tangu toleo la kwanza.