Bali usiku nane: tulale Ubud, Munduk au Sidemen?

Baba_Neema
Wakuu habari zenu. Tiketi nishakata, Dar mpaka Denpasar, Bali kule Indonesia, kupitia Doha, mimi na mama Neema. Kinachonisumbua sasa ni pa kulala. Tunataka mahekalu, mashamba ya mpunga yale ya matuta na maporomoko, ufukwe hapana, bahari tunayo hapa nyumbani. Nimebaki na sehemu tatu: Ubud katikati, Munduk kule milimani kaskazini, na Sidemen mashariki chini ya mlima Agung. Hoteli ya Ubud inataka hela mpaka Ijumaa. Nisaidieni.

Kaskazi77
Mkuu hujataja mwezi, hujataja bajeti, hujasema kama unaendesha pikipiki. Tutakushauri nini? Kuanzia Novemba mpaka Machi kule ni mvua, milimani ndio usiseme.

bintiTanga
Ubud, usijiumize kichwa. Ukitoka hapo Goa Gajah, hekalu la pangoni, ni karibu kabisa, Tirta Empul kule Tampaksiring unakuta watu wamejipanga ndani ya maji ya chemchemi wanainamisha kichwa kwenye kila mfereji, na Gunung Kawi unashuka ngazi zaidi ya mia mbili mpaka bondeni unakuta nyumba za ukumbusho za wafalme zimechongwa kwenye mwamba mtupu tangu karne ya 11. Jioni unaangalia ngoma ya legong na unarudi kulala kwa miguu. Beba kitambaa cha kufunga kiunoni, bila hicho huingii hekaluni. Na mama Neema ajue mapema kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake haingii, tangazo liko mlangoni, tuheshimu ya wenyewe.

karafuu_ya_Wete
Dada Tanga Ubud ya siku hizi ni foleni tu, gari linatambaa kuliko mtu wa miguu. Mimi nasema Munduk na nitaisema mpaka kesho. Nilifika mwezi wa nane, nikafungua mlango wa gari, harufu ya kwanza iliyonipiga ilikuwa karafuu! Nikadhani nimechanganyikiwa na safari. Pembeni ya barabara wameanika kwenye maturubai, mama mmoja amekaa anachambua makonyo kwa vidole vilevile anavyochambua bibi yangu, kiganja kimoja kinashika kichala kingine kinanyonyoa, chap chap, hata haangalii. Juu ya mikarafuu vijana wamepanda ngazi ndefu za mwanzi zimefungwa kamba. Nilisimama pale machozi yananilengalenga. Halafu kuna maporomoko ya kutembea kwa miguu, ziwa Tamblingan lenye ukungu na hekalu lake, na Ulun Danu Bratan, hekalu la ziwani, sio mbali. Usiku baridi, beba sweta.

Baba_Neema
Samahani wakuu, ni wiki ya kwanza ya Machi mwakani. Pikipiki naendesha, leseni ya hapa ninayo.

Mzee_wa_Kihonda
MACHI?? Simama hapo hapo mdogo wangu kabla hujalipa senti, angalia Nyepi inaangukia lini. Ni mwaka mpya wao, tarehe inahama kila mwaka, mara nyingi ni mwezi huo huo wa Machi. Mimi iliniumiza 2019. Wakala aliyeniuzia safari hakuniambia kitu, kwenye ratiba kaandika siku ya pili "kutembelea mahekalu". Tumetua jioni ya tarehe 6, tukakaribia mji barabara zimefungwa, vijana wamebeba yale masanamu makubwa ya mashetani, ogoh-ogoh, makucha na meno nje, ngoma za shaba zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka. Dereva akasema gari haliendi mbele. Tukashuka na mabegi, mimi na mke wangu ambaye ana kisukari, tukatembea karibu saa nzima katikati ya umati. Kufika gesti haina jiko, maduka yote yamefungwa. Asubuhi saa kumi na mbili ndio ikaanza, mpaka asubuhi ya pili saa kumi na mbili: hakuna kutoka, hakuna taa, hakuna moto, intaneti ya simu imekatwa, hata uwanja wa ndege unafungwa. Nikachungulia getini nikakuta pecalang, walinzi wa kijiji wenye kitambaa cha miraba myeusi na myeupe, wakanionyesha kwa mkono nirudi ndani. Mke wangu ameshachoma sindano na chakula tulichonacho ni biskuti za kwenye ndege. Mwenye gesti alipoona hali akatuletea wali wa baridi na mayai aliyopika jana yake kwa ajili ya watoto wake. Yule mama namuombea mpaka leo. Hela ya siku ile wakala hakurudisha, simu akawa hapokei.

bintiTanga
Pole sana mzee wangu, hilo ni kosa la wakala. Ila Nyepi yenyewe msiipake matope. Mimi nilijiandaa, nilinunua matunda na maji, na usiku ule nyota nilizoziona sijawahi kuziona tena popote. Kisiwa cha watu zaidi ya milioni nne kimenyamaza, unasikia vyura na mbwa tu.

Mzee_wa_Kihonda
Binti yangu nyota hazimshushi wala kumpandisha sukari mgonjwa. Sisemi siku yao ni mbaya. Nasema mtu aambiwe.

Kaskazi77
Turudi kwenye mada. Pikipiki sahau, bila leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki ukianguka bima hailipi. Chukua gari na dereva wa siku nzima. Mimi napiga kura Sidemen: kimya, wanawake wanafuma vitambaa kwenye vitanda vya mfumi vya mbao, Agung ule wenye mita zaidi ya 3,000 unauona ukiamka kama hakuna mawingu, na Besakih hekalu lao mama haliko mbali. Ila kule hekalu la Lempuyang kwenye geti la picha, lile ziwa mnaloliona pichani ni kioo wanachoweka chini ya simu. Ziwa hakuna. Watu wanapanga foleni masaa kwa ajili ya kioo.

mtu_wa_Mwea
Mimi niongeze la mpunga, kwa sababu nimelima mpunga wa umwagiliaji tangu nikiwa kijana. Usiishie kwenye bembea za watalii pale matuta ya Tegallalang karibu na Ubud, nenda mashamba ya Jatiluwih. Wao maji wanagawana kupitia subak, chama cha wakulima wa mfereji mmoja, na mkutano wao uko hekaluni, kuanzia juu kabisa kwenye ziwa Batur mpaka shamba la mwisho. UNESCO iliuweka mpango huo kwenye urithi wa dunia 2012. Kitu kilichonigusa: eneo zima wanapumzisha mashamba kwa pamoja, wadudu na panya wanakosa chakula. Miaka ya 1970 serikali iliwaambia kila mtu apande mfululizo bila kusubiri ratiba ya hekalu, wadudu wakamaliza mpunga. Huku kwetu mkubwa wa juu anafungulia maji usiku, wa chini analia. Nilikaa kwenye lile tuta nikawaza sana.

Baba_Neema
Nimeangalia kalenda. Nyepi ni siku yetu ya tatu. Mama Neema anasema anaitaka hiyo siku. Kwa hiyo Ubud au Munduk?

karafuu_ya_Wete
Munduk, chagua gesti yenye jiko. Na hizo karafuu zilitoka kwetu Pemba zikaenda kwao.

Kaskazi77
Hapana ndugu, umegeuza. Asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia, Unguja zililetwa karne ya 19. Ila baadaye Indonesia ndio ikawa inanunua za Zanzibar kwa ajili ya sigara zao za kretek, zile zinazochanganywa na karafuu, mpaka walipojitosheleza wenyewe. Wapemba waulizeni wazee, walikipata hicho kipigo cha bei.

karafuu_ya_Wete
Babu alikuwa anasema "Mjava kaacha kununua", sikuwahi kumwelewa. Kumbe ndio hilo.

Baba_Neema
Na Machi karafuu zipo kwenye maturubai?

karafuu_ya_Wete
Machi hapana kaka. Kuanzia Julai huko.

Baba_Neema
Basi ngoja niongee tena na mama Neema, Ijumaa bado.