Ushauri: nimeambiwa niandike kuhusu mimi na hela, naanzia wapi?

Mama Dagaa KGM
Wadau, habari za jioni. Nipo Kigoma, nanunua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, naanika, nawauzia wanaopeleka Dar. Mahesabu ya biashara nayajua, daftari ninalo. Shida ni mimi mwenyewe. Giza likiwa zuri mitumbwi inarudi imejaa, napata hela ya kueleweka. Mbalamwezi ikiingia wavuvi wanapumzika, na mimi nimeshabaki mweupe. Si pombe wala starehe. Vitenge, sufuria, mchango wa huyu, karo ya yule. Hela ikilala kwangu siku mbili sipati usingizi mpaka iondoke.

Dada mmoja wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kaniambia niache namba kwanza, niandike maneno: nikishika hela nahisi nini, na tabia hiyo nimeitoa wapi. Nikaandika "hela ni muhimu", nikakwama. Kuna aliyewahi kufanya? Halafu nyumba yetu imejaa watu, shemeji zangu wanasoma hadi karatasi ya kufungia maandazi.

Mtoto wa Reli
Mimi nikishika hela nahisi njaa tu 😂 Nakaa hapa nipate elimu.

Ticha Ujiji
Dada, huyo mwache. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowahi kuwaumiza. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walitoka na huzuni siku hizo, ila miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Hawakuulizwa habari za hela, lakini namna yao inakufaa: andika bila kusimama, usijali herufi wala mpangilio.

Ulikwama kwa sababu ulianza na insha. Anza na tukio. Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uliishije? Ulimwomba nani? Ulimkwepa nani njiani?

Mkulima wa Urambo
Mimi hapo natofautiana kidogo. Huku Tabora hela ya tumbaku inaingia kwa mkupuo, kwa hiyo hali yako naijua vizuri. Ila kama una mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, habari za nafsi weka pembeni. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Deni haliishi kwa kulielewa.

Mama Dagaa KGM
Kausha damu sina, namshukuru Mungu. Ticha, jana usiku nimejaribu. Habari za ziwa ziliisha mistari michache, akaingia marehemu bibi. Alikuwa anafunga hela kwenye pindo la kanga, akilifungua tu, watu wameshafika na shida zao. Alikuwa anasema, hela ikionekana inaombwa. Nikaandika hapo hapo: basi mimi naiwahi. Naigeuza sufuria kabla hajaja mtu. Sikuwa nimewahi kuliwaza hili, nimekaa nalo mpaka adhana ya alfajiri.

Mtoto wa Reli
Sufuria nazo zinaazimwa, dada yangu.

Bi Mwanga
Mwanangu, kumbe hela unaipenda, unachoogopa ni kusema "sina" wakati unayo. Hilo lina dawa. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Giza likianza kulipa nunua hisa za kikoba, ndipo uende kwenye vitenge. Akija mtu, unamwambia haipo nyumbani, na hujasema uongo. Hizo karatasi soma mara moja, utie jikoni ziungue.

Ticha Ujiji
Bi Mwanga, kwenye kuchoma hapana, samahani. Atunze angalau giza moja na mbalamwezi moja, alinganishe. Anaweza kuandika kurasa za nyuma za lile daftari la mahesabu. Kurasa za namba nani atazifungua?

Mama Dagaa KGM
Linanuka dagaa, hawaligusi kabisa. Nashukuruni. Hisa nitaanza giza hili.

Mkulima wa Urambo
Bi Mwanga, ninyi kikoba mnavunja mgawane hela lini? Sisi tunavunja Desemba, wakati mbolea tunaitaka Oktoba.

Bi Mwanga
Sisi Juni. Mwezi mnaupanga wenyewe kwenye katiba ya kikundi, mwanangu. Peleka hoja kikao kijacho.