Muuzaji wa cherehani kaifunika mashine mkono wangu ukiwa juu yake!!! Nimekasirika sijui nianzie wapi

Kiraka Chekundu (mleta mada)

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Makosa ya herufi mtanivumilia.

Mnamjua. Simtaji, sina haja. Yule bwana wa cherehani, miwani imepanda kwenye paji la uso, tepu ya kupimia shingoni saa zote kama nishani ya vita. Anajibu swali kabla hujafika katikati yake. Leo zamu yangu imefika.

Nimeenda kutafuta cherehani ya kuanzia kushona mifarishi ya viraka. Sikwenda kichwa kichwa! Nimesoma, nimeuliza wanaojua, nimebeba na vipande vyangu vya pamba nilivyokata tayari ili nijaribie mshono. Nikaiona moja pembeni, ya chuma, nzito, haina mbwembwe: mshono mnyoofu, zigizagi, basi. Nikashika gurudumu, nikalizungusha taratibu kuja upande wangu. Sindano ikashuka, ikapanda, meno ya chini yanayosukuma kitambaa yakasogea laini bila kukwaruza popote. Nikamwambia, "Kaka, samahani, naomba uzi niijaribu hii, nashona viraka, ndo kwanza naanza."

AKAIFUNIKA.

Mnanielewa lakini? Mkono wangu uko kwenye gurudumu, yeye kachukua kifuniko cha kitambaa kakishusha juu ya mashine NA JUU YA MKONO WANGU. Nimesimama pale nimefunikwa mpaka kwenye kiwiko. Halafu ananiambia, "Binti, hiyo ni ya wanaojua. Anayeanza anachukua hii." Akanisogezea kidude cheupe cha plastiki kina mishono zaidi ya 100. Maua, mioyo, majani, bata. Bata jamani! Mfarishi unaungwa kwa mshono mmoja tu, mnyoofu, urefu milimita 2 mpaka 2.5. Bata anaingia wapi?

Nikauliza kama kina mguu wa kushonea robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa. "Utazoea." Nikauliza kama meno yanashuka, maana siku nikitaka kuzungusha kitambaa kwa mikono na kuchora mapambo nitahitaji yashuke. "Utazoea." Nikauliza je, nikiweka tabaka tatu, kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, kinapokea ule mguu wenye meno yake unaovuta tabaka la juu liende sawa na la chini? "Binti, we anza kwanza." Nianze na nini? Na bata?

Kile kidude nimekigusa tu kikatembea chenyewe juu ya meza. Mkitupie mfarishi wa kitanda kizima muone, utakivuta mpaka sakafuni. Na nafasi ya kulia kwa sindano, pale unapopitisha mfarishi ukiwa umekunjwa, ngumi yangu imepita kwa shida.

Kinachoniuma ni hiki. Anayeanza NDIYE anayehitaji mashine isiyosumbua. Fundi aliyebobea ukimpa mashine mbovu ataibembeleza, uzi ukijisokota chini ya kitambaa anajua aguse mkazo wa uzi wa juu au aanze upya kutunga uzi. Anayeanza akiona lile fungu la nyuzi chini atasema mikono yangu mibovu, ataisukuma mashine chini ya kitanda na hatashona tena maisha yake yote. Wamepotea wangapi kwa ajili ya huyu bwana?

Na angesema imeshauzwa ningeelewa. Angesema ina kasoro ningeshukuru. Yeye KAIFUNIKA. Na mkono wangu. Kuna mtu nyuma yangu akacheka kwa pua.

---

Bobini Tupu

Siti ya mbele kabisa 😂😂 Pole dada. Ila naomba ufafanuzi: mkono ulitoka wenyewe au ilibidi uufungashe pamoja na mashine?

Kiraka Chekundu

Mkuu mimi sichekeshi. Niliutoa mwenyewe, na kifuniko nikakiangusha chini makusudi.

Sindano Butu

Ni yeye huyo huyo, naapa. Mimi aliniambia sindano moja inatosha mpaka ivunjike. Nikamwamini. Nimeshona nayo mpaka ikaanza kupiga "tok, tok" kila inapotoboa, kitambaa kimejaa vitundu kama kimeliwa na wadudu. Baadaye ndo naambiwa na watu wenye huruma kwamba sindano hubadilishwa kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Ungejua nilivyolia.

Fundi wa Usiku

Mleta mada punguza jazba, bwana yule ana hoja ndogo. Mashine yenye zigizagi sahani yake ya chini ya sindano ina tundu pana. Ukianza kushona kwenye ncha ya pembetatu, ile kona inadidimizwa tunduni na kumezwa. Kwa viraka unahitaji sahani ya tundu moja dogo, la mshono mnyoofu tu. Ungemuuliza hilo.

Kiraka Chekundu

Nilikuwa nataka kuuliza hilo hilo!! Nitaiulizaje mashine iliyofunikwa?

Fundi wa Usiku

Basi anzia na kipande chakavu, unashona juu yake kisha unaingiza pembetatu zikifuatana bila kukata uzi. Haimezi.

Kiraka Chekundu

Asante fundi, lakini hapa naongelea MKONO.

Mama Mishono

Mimi nimwunge mkono mwenzangu kwenye robo inchi, maana watu mnaichukulia poa. Robo inchi ni milimita 6 na kidogo. Tuseme safu yako ina mishono 8 na kila mmoja umezidi milimita 1. Mshono unakula vipande viwili, kushoto na kulia, kwa hiyo safu imepungua milimita 16. Safu ya pili umeshona sawasawa. Haya ziunganishe hizo mbili nikuone! Sasa mtu anakwambia "utazoea". Unazoea nini, kupindisha?

Pembetatu Pacha

Mama Mishono 🔥🔥🔥 ndo maana zangu zinakataa kukutana kona. Nilidhani ni pasi.

Mzee wa Pindo

Vijana mnapenda plastiki halafu mnalalamika. Chukueni mashine ya zamani. Singer 221 ilitoka 1933, inashona mshono mnyoofu tu, mbele na nyuma, na washona mifarishi wanaisaka mpaka leo. Bata hana.

Bobini Tupu

Mzee hiyo si ni kilo 50?

Mzee wa Pindo

Ni kama kilo 5. Mwili wake alumini. Uzito peke yake sio kigezo, kigezo ni mashine kutulia ikishona.

Kiraka Chekundu

Mzee shikamoo. Hii niliyoishika ilitulia kabisa. Mpaka ilipofunikwa.

Gurudumu la Nyuma

Si ajabu, Singer ndo aliyegundua cherehani, lazima wawe na nzuri.

Mzee wa Pindo

Uongo huo. Elias Howe alipata hataza ya Marekani 1846, Singer akaja na yake 1851. Wakaburutana mahakamani, Howe akashinda, Singer akalipa. Na kabla yao wote Thimonnier wa Ufaransa alishapata yake 1830, washonaji wakamvamia wakazivunjavunja mashine zake wakihofia kukosa kazi.

Sindano Butu

Kuna bwana mmoja namjua anastahili hao washonaji wamtembelee.

Pembetatu Pacha

Samahani kutoka nje ya mada, lakini mimi hasira zangu sio muuzaji. Ni mkasi. Mkasi WANGU wa kitambaa. Kaka yangu kauchukua kakatia karatasi ya kufungia zawadi, kisha boksi, kisha WAYA. Karudisha mezani kimya kimya. Nimekata pamba leo, blade inatafuna badala ya kukata.

Mama Mishono

Waya??? 😳

Bobini Tupu

Waya tena. Mleta mada funga uzi wako, huyu kakupita.

Kiraka Chekundu

Hajanipita! Mkasi unapata mwingine. Mimi nimedhalilishwa mbele ya watu. Hivi mnajua maana ya kufunikwa ukiwa unaongea?

Gurudumu la Nyuma

Wangu ulikatiwa kucha za miguu. Nasema tu.

Sindano Butu

Kucha 🤮 Mimi wangu nimeutoboa nikaufunga kufuli kwenye mashikio. Ufunguo nalala nao.

Fundi wa Usiku

Kwa viraka acheni kabisa mikasi, tumieni kile kisu cha gurudumu na rula na mkeka wake. Tabaka nne unakata mara moja na kingo zinanyooka.

Pembetatu Pacha

Fundi, nacho kakichukua. Kakatia pizza.

Bobini Tupu

😂😂😂😂 huyo kaka aje hapa ajieleze

Kiraka Chekundu

Turudi kwenye mada jamani. Kesho narudi pale, nitaiomba tena ile mashine, na vipande vyangu mkononi. Akiifunika tena nitaleta jina.

Mama Mishono

Pembetatu, huo mkasi unanoleka, usiutupe. Mpelekee mnoaji anayejua mikasi ya kitambaa, umwambie wazi, maana pembe ya makali yake sio ya kisu cha jikoni.

Gurudumu la Nyuma

Kata msasa mara kadhaa, unarudi mpya.

Mama Mishono

MSASA? Gurudumu toka hapa! Msasa unakwaruza makali, na uharibifu wa waya umefika ndani. Nani kakufundisha?

Gurudumu la Nyuma

Yule bwana wa miwani.