Yule bwana wa kaunta ya pili mpakani KACHOMEKA KALAMU KWENYE DAGAA WANGU

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia Mwanza leo alfajiri, nguo inanuka dagaa, roho inanuka zaidi.

Mnaopita ule mpaka mnamjua, simtaji. Tumbo linafika kazini saa mbili, mwenyewe analifuata saa tatu.

Nilibeba dagaa wa Mwaloni Kirumba, magunia 12, wakavu wa kukatika ka! mkononi. Karatasi zote ninazo: kibali, cheti cha afya, na cheti cha uasilia (kinachosema mzigo umetoka nchi gani), kile chepesi cha sisi wadogo, maana mzigo haufiki dola 2,000. Tangu 2005 tunaimbiwa umoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Haya, tukaimba.

Jamaa anakisoma cheti kama barua ya posa ya bintiye. Anainuka. Anachomoa kalamu, ANAICHOMEKA KWENYE GUNIA, anaivuta, anainusa. Halafu anaifuta kwenye cheti changu! Kwenye cheti, jamani! Kijicho cha dagaa kimeganda juu ya muhuri, kinanitazama.

"Mama, hii dagaa au mbolea?"

Foleni nzima ikacheka, hadi dereva wangu niliyemnunulia chai na chapati mbili.

Dirisha linalofuata, dada anakishika kwa ncha za vidole: "Kimechafuka hiki, kalete kingine." Kimechafuliwa na nani? Si huyo hapo anatafuna karanga! Nimelala pale siku mbili, mvua inapiga turubai. Na eti ni kituo cha pamoja, unasimama mara moja tu. Kweli, nimesimama mara moja, tangu Jumanne.

Kalamu. Kwenye cheti.

JiweLaZiwani: Pole dada. Kalamu ilikuwa ya bluu au nyeusi?

NdiziZaJioni: Huyo huyo! Mimi alinihesabia ndizi moja moja. Alipofika mia nne akapigiwa simu, akaanza upya.

FusoMbili: Wa dagaa mna makelele. Machi 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, sisi tulifungua uzi?

KasiaMkongwe: Mlifungua nyuzi tisa, nilizisoma zote.

FusoMbili: Wewe mzee, mahindi hayakuwa na shida.

KasiaMkongwe: Muulize aliyekula. Watoto hamjui kuzuiwa. 1999 Ulaya ilipokataa samaki wa ziwa hili, sangara tulikula asubuhi, mchana na jioni mpaka paka wakakimbia nyumba.

FuruMkavu (mleta uzi): Naomba turudi kwenye kalamu.

BondoSafi: Kalamu ni nini? Mnunuzi wangu wa mabondo (vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara) ana mizani ambayo ukiipanda mwenyewe unatoka mtoto wa chekechea.

JiweLaZiwani: Bondo kilo shilingi ngapi siku hizi?

BondoSafi: Inategemea ukubwa. Njoo pembeni tuongee.

NdiziZaJioni: Mpunguze wivu, mabondo yanaenda China huko, ndizi zangu haziwezi hata kuvuka daraja.

FuruMkavu (mleta uzi): KALAMU, wakuu!!

KukuWaBuhongwa: Dada, nina kuku 300. Hao dagaa walionyeshewa bado wapo?

FuruMkavu (mleta uzi): Yapo magunia manne.

KukuWaBuhongwa: Na lile la kalamu unatoa bei gani?