Kuhusu: Grevi ya kutengeneza mwenyewe, si ya pakiti

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za wikendi.

Jumapili ijayo tutakuwa watu kumi mezani, wengi wao wenyeji ninaofanya nao kazi, na mimi nimejitwika kuku wawili wa kuoka. Kuku hawanipi shida. Wageni hawa wanatarajia pia grevi, ule mchuzi mzito wa kahawia wa kumwagia juu ya nyama na viazi, na sitaki ile ya chembechembe za pakiti inayokorogwa na maji ya moto. Nimesoma maelekezo mengi na kila mtu anasema lake: huyu unga mwanzo, yule unga mwisho, mmoja anapima kwa vikombe, mwingine kwa gramu. Naomba mwenye uzoefu anieleze tangu mwanzo. Unga kiasi gani? Mabonge yanazuiwaje? Na kuna ninachoweza kufanya siku moja kabla? Mvinyo hautumiki nyumbani kwangu, kwa hiyo naomba njia isiyo na mvinyo.

Natanguliza shukrani.
Mdogo wenu

---

Re: Grevi ya kutengeneza mwenyewe, si ya pakiti

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuikataa pakiti. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda, na kwa sababu maelekezo mengi yanaanza na unga, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kazi ya unga ni kuupa mchuzi uzito, basi. Ladha inatoka mahali pawili: kwenye supu na kwenye trei uliyookea. Ukivitunza hivyo viwili, mengine yote ni mepesi. Ukivipuuza, hata upime unga kwa mizani ya sonara utapata uji uliotiwa rangi.

Siku moja kabla, pika supu. Tafuta mabawa na migongo ya kuku, kilo moja na nusu hivi. Hizo ni sehemu zenye ngozi na viungo vingi, na humo ndimo inamotoka ile hali ya mchuzi kunata kidogo midomoni. Zioke kwenye oveni, nyuzi 200 za Selsiasi, kama dakika 45, mpaka ziwe za kahawia hasa. Usiwe na haraka hapa, maana rangi ya grevi yako inaanza kujengeka saa hiyo. Zihamishie kwenye sufuria pamoja na kitunguu, karoti na punje chache za pilipili manga. Mimina maji baridi lita mbili na nusu, kisha acha ichemke taratibu kwa saa mbili hadi tatu. Viputo viwe vya mmoja mmoja. Ikitokota kwa fujo, mafuta yanavurugikia ndani ya maji na supu inakuwa na ukungu na utelezi. Shingo na firigisi za kuku wako zitie humo humo, lakini ini liweke kando, linaacha uchungu. Na usitie chumvi hata punje. Supu hii itapungua jikoni, halafu itakutana na maji ya kuku ambaye tayari ana chumvi yake.

Ichuje, ipoe, iingie friji. Asubuhi utakuta mafuta yamekuwa tabaka gumu juu, na chini yake supu imeganda, ukitikisa bakuli inatikisika. Hiyo ni jelatini iliyotoka kwenye ngozi na viungo. Ukiiona hivyo, jua kazi ngumu imekwisha.

Siku yenyewe, walaze kuku juu ya vipande vikubwa vya kitunguu na karoti. Kitunguu kinaongeza ladha, lakini kubwa zaidi kinayazuia maji ya kuku yasikaukie kwenye chuma tupu na kuungua. Chungulia mara moja moja. Ukiona trei inakauka na kuanza kuwa nyeusi, mwagia maji nusu kikombe. Na trei iwe ya chuma cha kawaida, kwa sababu zile zilizopakwa ili chakula kisigande hazishiki ukoko vizuri, na ukoko ndio mali yenyewe.

Kuku wakiiva, watoe uwafunike kwa karatasi ya foili. Wanahitaji kupumzika kama dakika 20 kabla ya kukatwa, na grevi inapikwa ndani ya dakika hizo hizo. Usipige simu, usiende kupanga meza. Fanya hivi:

Mimina maji yote ya trei kwenye jagi la kioo. Baada ya dakika chache mafuta yatapanda juu, na maji ya nyama yatabaki chini, meusi kidogo na mazito. Yaengue mafuta kwa kijiko uyaweke kando, usiyatupe. Kisha mwagia supu ya moto kidogo kwenye trei na ukwangue ukoko kwa mwiko wa mbao mpaka uyeyuke wote. Onja kabla hujaendelea. Ukoko wa kahawia una ladha ya nyama iliyokolea na utamu kwa mbali, huo unaingia. Ukiwa mweusi na mchungu, uache uende. Hakuna kiungo kitakachoufunika uchungu ule, na supu yako ya jana inatosha kuibeba grevi peke yake.

Sasa ndiyo zamu ya unga. Kwa watu kumi pika lita moja. Kwa lita moja ya supu chukua gramu 60 za mafuta yale uliyoengua na gramu 60 za unga wa ngano. Kwa kijiko kikubwa cha kupimia, unga ni vijiko saba na nusu vilivyosawazishwa, na mafuta ni vinne na nusu. Unga ni mwepesi kuliko mafuta, ndiyo maana anayepima kwa vijiko na anayepima kwa gramu hawaelewani. Mafuta ya kuku yasipofika, jazia na siagi.

Yapashe mafuta kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, tia unga na ukoroge bila kuacha. Dakika ya kwanza utanukia kama unga mbichi. Endelea, dakika tatu hadi tano, mpaka harufu igeuke iwe ya kitu kilichookwa na rangi iwe ya karanga zilizokaangwa. Unaweza kuupeleka mbele zaidi upate rangi nzito, ila ujue kadiri unga unavyoiva na kuwa mweusi ndivyo nguvu yake ya kuufanya mchuzi mzito inavyopungua. Mimi naishia kwenye karanga.

Sasa mabonge. Unga mkavu ukitupwa kwenye supu ya moto, chembe za nje zinavimba papo hapo na kushikana, zinafunga mlango, na unga wa ndani unabaki mkavu. Ukishaukaanga kwenye mafuta, kila chembe imezungukwa na mafuta na haishikani na mwenzake. Kwa hiyo tia supu ya moto upawa mmoja kwanza. Itakuwa tope zito linaloachana na sufuria. Usishtuke, koroga mpaka liwe laini kabisa. Upawa wa pili, koroga. Wa tatu utaona linaanza kulegea na kung'aa, na kuanzia hapo unaweza kumimina iliyobaki kwa mfululizo. Kile kifaa cha waya cha kupigia mayai kinafanya kazi hii vizuri kuliko mwiko.

Malizia na maji ya nyama yaliyobaki chini ya jagi pamoja na ule ukoko ulioyeyusha. Acha ichemke polepole dakika kumi. Ipime mgongoni mwa kijiko: pitisha kidole, mstari ukibaki bila kujifunga, iko tayari. Afadhali iwe nyepesi kidogo ikiwa jikoni, maana mezani itapoa na kuzidi kuwa nzito. Ichuje, halafu ndipo uonje na kutia chumvi, pilipili manga, na matone machache ya ndimu au siki. Ndimu inafanya kazi ambayo wengine wanaupa mvinyo, yaani kuukata ule uzito wa mafuta.

Shangazi yako wa jikoni

---

Re: Re: Grevi ya kutengeneza mwenyewe

Shangazi kamaliza, mimi naongeza mawili tu, maana kazi yangu ni bomba.

Mafuta yatakayobaki usiyamwage kwenye sinki. Yanaingia yakiwa maji, yakifika mbele kwenye baridi yanaganda, na kumwaga maji ya moto nyuma yake kunayasukuma tu yakagande mbali zaidi, mahali ambapo kuyatoa ni gharama. Yatie kwenye kopo, yagande, yaende na takataka. Trei yenyewe ifute kwa karatasi kabla ya kuiosha. Nyumba nyingi huku ni za kupanga, na bomba likiziba kwa mafuta unaweza kudaiwa wewe.

La pili: shangazi anasema trei ya chuma, na mimi nakazia. Bakuli la kioo la oveni usiliweke juu ya jiko, na likiwa la moto usilimwagie supu iliyotoka kwenye friji. Linaweza kupasuka vipande vipande. Kama jiko lako ni la umeme la sahani, kumbuka pia kwamba ukizima bado linaunguza kwa dakika kadhaa. Unga ukianza kufika rangi unayotaka, iondoe sufuria kabisa.

Kaka yenu

---

Re: Re: Re: Grevi

Asante shangazi, shikamoo. Naomba kudandia: mimi huwa napokea mgeni mmoja asiyekula nyama na mwingine ambaye ngano inamdhuru. Wapikiwe grevi mbili tofauti?

---

Re: Re: Re: Re: Grevi

Marahaba dada. Sufuria moja inawatosha wote wawili, tena nakwambia ni tamu.

Kata uyoga na vitunguu vyembamba, uvikaange kwa mafuta mpaka maji yake yote yakauke na vianze kushika chini ya sufuria. Watu wengi wanaishia pale uyoga unapotoa maji, wakidhani umeiva. Endelea mpaka uanze kulia tena kwenye mafuta na kuwa wa kahawia, kwa sababu hapo unatengeneza ukoko wako usio na nyama. Tia nyanya ya kopo kijiko kimoja, ukaange mpaka iwe nyekundu ya kiza, kisha supu ya mboga.

Uzito unatoka kwenye konflawa, ule wanga mweupe wa mahindi unaolia ukiuminya kati ya vidole, si unga wa mahindi wa kawaida. Unaukoroga kwenye maji baridi kwanza, kijiko kimoja kwa maji vijiko viwili, halafu unaumimina kwenye mchuzi unaochemka huku ukikoroga. Nguvu yake ni karibu mara mbili ya unga wa ngano, kwa hiyo tia kidogo, subiri, ongeza. Ikishachemka dakika moja au mbili zima. Ikitokota muda mrefu inalegea tena. Ni ya kula siku hiyo, kwa sababu ukiigandisha kwenye friza itaachana na maji.

Angalizo kwa ajili ya yule wa ngano: sosi nyingi za soya zimetengenezwa kwa ngano, na viungo vya supu vya vipande navyo mara nyingi vina ngano. Soma lebo kila mara, hata ya ile uliyoizoea.

---

Re: Grevi, na habari ya kiporo

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, na sikukuu zikija huwa nataka kusema hili. Grevi ni miongoni mwa vyakula vinavyopendwa sana na bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Mbegu zake zinaweza kuvumilia kupikwa, na sufuria kubwa ikiachwa juu ya jiko ipoe polepole, zinaamka na kuzaana kwa kasi. Kuhara na tumbo kukata huanza saa 6 hadi 24 baadaye, wakati mtu ameshasahau alikula nini.

Kwa hiyo ikiwa mezani iwe ya moto, juu ya nyuzi 60. Ikibaki, imimine kwenye vyombo vipana visivyo na kina ipoe haraka, iingie friji ndani ya saa mbili, na iliwe ndani ya siku mbili. Ukiipasha, ichemke kabisa, si kuwa vuguvugu tu.

---

Re: Grevi, na habari ya kiporo

Nimeshiba maarifa, asanteni sana wote. Shangazi, la mwisho: ikizidi chumvi nitie kiazi? Na nitaiwekaje iwe ya moto wakati wageni wanachelewa?

---

Re: Grevi, na habari ya kiporo

Kiazi hakichagui chumvi, mdogo wangu. Kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, na kinachobaki kina chumvi ile ile. Dawa ni supu isiyo na chumvi, na ndiyo maana nilikwambia ya jana usiitie: bakiza vikombe viwili pembeni. Ongeza upawa mmoja mmoja huku ukionja, na ikiwa nyepesi, irudishie uzito kwa konflawa kijiko kimoja kilichokorogwa kwenye maji baridi. Usijaribu kuirudishia kwa kuichemsha ipungue, chumvi itarudi pale pale.

Kuhusu wageni, tumia chupa ya chai. Ijaze maji yanayochemka dakika tano, yamwage, kisha mimina grevi ikiwa inachemka na ufunge. Lakini iwe chupa isiyo na harufu ya tangawizi, na yenye mdomo mpana, ili upate kuiosha mpaka chini.