Mjadala: Je, kliniki ya mbwa na paka isaidiwe na kaunti kutibu pia wanyamapori wa Diani?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naleta swali ambalo sisi wakazi wa Diani na Ukunda tumelizungumza pembeni kwa muda mrefu bila kulifikisha popote. Je, ni haki fedha za Kaunti ya Kwale zisaidie kliniki ya binafsi inayohudumia mbwa na paka wa watu, na ambayo wakati huohuo inapokea mbega, kima, tumbili na komba walioumia, au kila mnyama aachiwe mwenye dhamana naye kisheria? Msimamo wangu ni kwamba kliniki ya namna hiyo inastahili kusaidiwa, lakini gharama ya kumtibu mnyamapori isimwangukie mlipa kodi peke yake ilhali chanzo cha majeraha yake kinajulikana.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila tunapoligusa jambo hili. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeipa serikali ya kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwamo utoaji wa leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Ulinzi wa wanyamapori umebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeukabidhi kwa KWS, shirika la serikali la kuhifadhi wanyamapori. Kwenye karatasi mpaka huo umenyooka. Hapa kwetu, mbwa asiye na mwenyewe akimrarua tumbili katika ua wa nyumba, majeruhi ni wawili na huenda ugonjwa ukawa mmoja, lakini sheria inampeleka mmoja mlango huu na mwingine mlango ule.

Hali ya mbega inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mbega wa Diani huishi katika vipande vya msitu wa pwani vilivyokatwakatwa na hoteli, nyumba za kifahari na barabara ya lami. Yeye ni mnyama wa juu ya miti. Panapokatwa mti aliouzoea, hutafuta njia nyingine ya kuvukia, na mara nyingi njia hiyo ni waya wa umeme. Akigusa nyaya mbili kwa pamoja huungua vibaya, na asipofia hapohapo huanguka akiwa na vidonda vinavyohitaji upasuaji. Tangu 1997 kuna shirika, ambalo leo linaitwa Colobus Conservation, lililotundika madaraja ya ngazi juu ya barabara ili mbega wavuke bila kushuka chini, na linalopunguza matawi yanayokaribia nyaya na kuwatibu wanaojeruhiwa. Kazi hiyo imethibitisha kwamba kuwaokoa kunawezekana. Ninachouliza ni kama jambo zito kiasi hiki linapaswa kuachiwa shirika moja linalotegemea wafadhili, wakati vikosi vya madaktari wanaozunguka ambavyo KWS huviendesha pamoja na shirika la hisani la Sheldrick Wildlife Trust vina kazi kubwa ya ndovu, faru na simba huko Tsavo, Mara, Meru na Amboseli.

Tena afya ya mbwa na afya ya wanyamapori haziwezi kutenganishwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa distempa uliwaua takriban simba 1,000 wa Serengeti, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa hifadhi hiyo, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka ndio waliodhaniwa kuwa chimbuko lake. Miaka michache kabla ya hapo kichaa cha mbwa kilikuwa kimewaua mbwa mwitu wengi wa eneo la Masai Mara. Kliniki inayomchanja mbwa wa Ukunda inawalinda mtoto wa Ukunda na mnyama wa msituni kwa sindano ileile.

Mkulima, Shimba Hills

Ndugu mtoa mada, nimekusoma hadi mwisho kwa heshima, nami nakujibu kwa heshima hiyohiyo. Sisi tunaolima kando ya hifadhi tunawajua kima na nyani kwa njia tofauti na watu wa ufuoni. Ninyi huwaona juu ya paa la hoteli. Sisi huwaona ndani ya mahindi yaliyokaribia kukomaa, na watoto wetu hukosa shule kwa sababu ya kulinda shamba. Sheria hiyohiyo ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori, na fidia kwa waliojeruhiwa na walioharibiwa mazao. Mimi nilijaza fomu katika ofisi husika baada ya shamba langu kuvurugwa, na hadi leo sijapata jibu, si la kukubaliwa wala la kukataliwa.

Sasa unataka kodi ninayolipa sokoni ninapouza machungwa imsaidie tumbili aliyeungua? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Simtakii mnyama mateso, na mbega hasa sina ugomvi naye, kwa maana anakula majani yake na hashuki shambani kwangu. Hata hivyo, mbuzi wangu akiumwa namtafuta daktari wa mifugo hadi jua linatua, na zahanati yetu ina siku haina dawa. Kaunti ina deni kwa watu na mifugo yao kabla ya kumfikiria mnyama ambaye kisheria si wake.

Daktari wa mifugo, Mombasa

Naomba niseme kama mtu wa fani hii, kwa kuwa naona pande zote mbili zinadhani kwamba kumtibu mbega ni kama kumtibu paka mkubwa. Sheria ya 2011 inayosimamia taaluma yetu inanitaka niwe nimesajiliwa ndipo nitibu mnyama, lakini usajili haunipi ujuzi wa kila mnyama. Tumbo la mbega lina vyumba kadhaa, na ndani yake wamo bakteria wanaochachusha majani mfano wa tumbo la ng'ombe. Daktari asiyejua hilo akampa dawa ya kumeza ya kuua bakteria, au msaidizi mwenye huruma akampa ndizi mbivu, anaweza kumwua mgonjwa ambaye kidonda chake kilikuwa kinapona. Mtoto wa mbega aliyefiwa na mama ni mgumu zaidi: kumlea kwa chupa hadi arudi msituni ni kazi inayowashinda hata wazoefu.

Kuna pia suala la nafasi. Tumbili aliyelazwa chumba kimoja na mbwa wanaobweka huishi katika hofu isiyokoma, na hofu hiyo peke yake huweza kumwua mnyama wa porini. Binadamu humwambukiza nyani kifua kikuu, naye tumbili aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa ni hatari kwa kila anayemshika. Kwa hiyo kliniki inayotaka kazi hii iwe na mlango wa pekee, chumba cha karantini, vifaa visivyochanganywa, na wafanyakazi waliokwisha kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla hawajamgusa mnyama yeyote wa porini. Bila hayo, naungana na mkulima kuupinga mpango huu, ingawa kwa sababu tofauti na zake.

Naongeza jambo moja juu ya chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Ili kuukata mzunguko wake katika eneo, inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Kenya ilijiwekea mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza. Muda uliobaki ni mfupi, na asilimia hiyo haifikiwi na kliniki inayongoja mwenye mbwa aje na pesa mkononi.

Mchangiaji, Unguja

Mnisamehe mimi mgeni kuingia katika mambo ya Kwale. Kwetu tuna kima punju, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar, na barabara inayopita kwenye msitu wa Jozani ilikuwa ikiwaua kila mara. Kilichopunguza vifo hivyo ni matuta yaliyowekwa barabarani, yaliyowalazimisha madereva kwenda taratibu. Bado wapo wanaogongwa, lakini tuta moja huokoa wanyama ambao daktari asingewahi hata kuwaona. Kama kaunti yenu ina shilingi chache, naona zianzie kwenye matuta, kwenye madaraja ya kamba na kwenye kuzifunika nyaya, halafu ndipo mfikirie chumba cha upasuaji.

Mtoa mada

Nawashukuru wote watatu.

Daktari, masharti yako nayakubali yote, na yananifanya niupunguze upana wa pendekezo langu. Kliniki ya mbwa na paka isiwe mahali pa kumlaza mbega kwa wiki nyingi. Kazi yake iwe ya saa za kwanza: kumtuliza kwa dawa ya usingizi, kuzuia damu, kuondoa maumivu, au kumaliza mateso yake kwa utaratibu wa kitaalamu pale ambapo hakuna tumaini, kisha kumkabidhi kwa wenye ujuzi na kibali. Haya yafanyike chini ya makubaliano ya maandishi na KWS, ili daktari anayempokea tumbili usiku asije akahesabiwa kuwa amemiliki mnyamapori kinyume cha sheria. Mnyama aliyeungua hawezi kungoja barua ya ruhusa hadi Jumatatu asubuhi.

Ndugu yangu wa Unguja, kinga ni bora, sina ubishi. Lakini waya utakaofunikwa mwakani haumsaidii aliyeanguka leo, na kumbukumbu za kliniki, zikiandikwa vizuri, ndizo zinazoonyesha ni nguzo ipi na kona ipi inayoua zaidi. Pasipo majeruhi kuandikwa, tuta litawekwa mahali panapompendeza mkandarasi.

Sasa nimgeukie mzee wangu wa Shimba Hills, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Sikatai kwamba ana madai ya haki yasiyojibiwa, na ninaamini kimya cha ofisi juu ya fomu yake ni kosa lisilo na udhuru. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba mlipa kodi asiubebe mzigo huu peke yake. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inatambua kanuni kwamba anayechafua mazingira ndiye anayelipa. Nadai kanuni hiyo ipanuliwe hadi hapa: mwenye nyaya, mwenye hoteli aliyefyeka msitu na mjenzi wa nyumba ya kifahari wachangie mfuko wa kuwatibu wanyamapori wanaojeruhiwa na miradi yao, nayo fedha ya kaunti iingie kwenye chanjo na kuwafunga uzazi mbwa na paka wanaozurura, jambo ambalo Katiba imeikabidhi kaunti waziwazi. Kwa mgawanyo huo, senti ya machungwa yako haitamgusa tumbili. Itamchanja mbwa ambaye angeweza kumng'ata mjukuu wako.

Mkulima, Shimba Hills

Mgawanyo huo nauelewa, na kama ungeanza nao tusingebishana sana. Lakini nataka uandikwe pamoja na jambo jingine. Kliniki inayochukua fedha ya kaunti itoke kwenye barabara ya hoteli angalau mara chache kwa mwaka, ije huku na sanduku la chanjo, ichanje mbwa wetu bila malipo na iwaangalie mbuzi wetu siku hiyohiyo. Mbwa wengi wa kaunti hii wako vijijini, si Diani, na asilimia 70 aliyoitaja daktari haitafikiwa bila wao. Sharti hilo likiwamo, nitakwenda mwenyewe kwenye kikao cha kukusanya maoni ya umma na kuunga mkono. Likikosekana, nitakwenda vilevile, na mwakilishi wa wadi yetu ameshajua nitakachosema.