Katheta ya shingoni ikiingia kwenye ateri: tuichomoe au tuiache?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo ICU, hospitali ya mkoa. Tunaandika mwongozo wa kuweka katheta (mrija) ya dialisisi, yaani kusafisha damu, shingoni, tumekwama sehemu moja: ikiingia ateri ya karotidi (mshipa unaopeleka damu kichwani) badala ya vena ya jugula (unaoirudisha moyoni), tufanye nini? Nusu ya wenzangu wanasema chomoa, kandamiza, basi. Mimi kwa katheta nene roho inakataa.

Nusukaputi:
Mkuu, roho yako haikudanganyi. Inategemea kilichoingia. Ni sindano tu? Chomoa, kandamiza kwa vidole kama dakika 10 bila kuchunguliachungulia, kisha uangalie kama shingo inavimba. Lakini dailata (kifaa cha kupanua tundu) au katheta ikishapita, USIICHOMOE. Katheta ya Fr 12 (Fr ni kipimo cha unene wa katheta) ina unene wa milimita 4, na vidole haviaminiki kuliziba tundu hilo. Damu inaweza kujaa shingoni ikabana njia ya hewa, au mgonjwa akapata kiharusi. Iache palepale, ifunge, mwite bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu. Hayupo? Mgonjwa apewe rufaa nayo ikiwa ndani. Suala la heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) aamue bingwa.

Sista Mwandamizi:
Naongezea: bandikeni plasta juu yake, muandike kwa herufi kubwa ATERI, USITUMIE. Zamu zinabadilishana, mwenzako asiyejua anakuja kuunganisha dawa ya kupandisha presha humo. Na mpimeni fahamu, usemi, nguvu za mikono na miguu mara kwa mara.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. Je, tutaijuaje mapema? Mgonjwa mwenye presha ya chini na oksijeni kidogo, damu ya ateri hairuki na inakuwa nyeusi.

Nusukaputi:
Ndiyo maana rangi usiiamini. Kabla ya dailata, unganisha mrija mtupu kwenye sindano, ushushe ujae damu, kisha uinue wima. Ya vena itashuka. Ya ateri itaendelea kupanda, mara nyingi ikidunda. Halafu ufuate waya wa kuongozea katheta kwa ultrasaundi hadi karibu na mtulinga, usiishie pale ulipochoma. Sindano huweza kutoboa vena ikatokea upande wa pili hadi ateri, na kwa juu ukaona kila kitu kipo sawa.

Dkt_Kijijini:
Na tukichoma chini ya mtulinga badala ya shingoni?

Nusukaputi:
Huko ni hatari zaidi. Ateri ya subklavia imejificha nyuma ya mfupa, vidole havifiki. Mwenye damu isiyoganda vizuri usimchome hapo.